Harusi Si Dharura: Barua kutoka Hamburg

Wapendwa wa Mbagala,

Baba, Mama, Mjomba, Shangazi, shikamooni. Wadogo zangu, mambo? Mimi mzima wa afya, baridi imeanza kuuma masikio, na kazi ya kwenye nyumba ya wazee inaendelea. Hofu ni kwenu.

Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni utetezi. Nimepata habari kwamba katika kikao cha Jumapili, ambacho sikualikwa ila nilitajwa sana, imepitishwa kwa kauli moja kuwa nimekuwa mkono wa birika. Ushahidi uliotolewa ni huu: simu niliyomtumia Mjomba ilishatumika, kwenye picha ya bandarini nimevaa koti lilelile la mwaka jana, na mchango wangu wa harusi ya binamu bado uko kwenye daraja la ahadi. Naomba kusikilizwa kabla ya hukumu.

Mshahara hapa unaingia mwisho wa mwezi. Unaingia mzima, umenawiri. Tarehe mosi foleni inaanza, na wa kwanza kwenye foleni ni chumba. Nusu ya mshahara inamezwa na chumba kimoja chenye jiko pembeni. Kodi yenyewe iko ya aina mbili: kodi baridi, yaani ya kuta tupu, na kodi ya moto, ambayo ndani yake mna maji, takataka na joto la kupasha nyumba. Msidhani ukishalipa ile ya moto umemalizana na mtu. Joto unalipia kwa makadirio. Sheria inampa mwenye nyumba miezi 12 baada ya mwaka wa hesabu kufungwa akuletee hesabu kamili, na wangu huitumia miezi yote 12 bila kubakisha. Kwa hiyo Desemba umetulia zako, inakuja bahasha ya kukudai joto la Januari ya mwaka uliopita, joto ambalo hata mwili umeshalisahau.

Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla. LUKU haina siri na mtu. Yuniti zikiisha taa zinazima, na familia nzima inajua bajeti imefika wapi, mpaka mgeni aliyekuja kusalimia. Hapa umeme hauzimi. Unawaka kwa adabu mwaka mzima, halafu wanakuandikia.

Ndiyo maana watu wa jengo letu wanaishi kwa namba. Kipasha joto cha ukutani kina kitasa chenye namba 1 hadi 5, na namba 3 ni kama nyuzi 20 hivi. Namba 3 ndiyo mwisho wa ustaarabu. Namba 4 ni mgonjwa. Namba 5 ni mtu aliyeshuka kwenye ndege kutoka Afrika wiki hii, na jengo zima linajua ni mlango upi.

Ukitoka hapo, kuna ada ya redio na televisheni za umma, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba. Nikawaambia wenzangu kazini mimi sina televisheni, redio sina, nasikiliza habari za kwetu kwenye simu. Wakacheka mpaka chai ikawapalia. Hawatozi redio, wanatoza mlango. Ukiwa na mlango, unalipa. Na kwa kawaida inakuja ya miezi mitatu kwa mkupuo, yuro 55.08. Usafiri nao: tiketi ya mwezi ya mabasi na treni kwa nchi nzima ilianza Mei 2023 kwa yuro 49, tukashangilia. Januari 2025 ikafika 58, na tangu hapo haijaonyesha nia ya kushuka.

Shangazi, uliuliza kama nakula. Nakula, tena vya wakubwa. Wenyeji kwa kuku wanajua kidari na paja, basi. Firigisi, ile ambayo ikikosekana kwenye sahani ya Baba kikao kinaitishwa, kwenye mabucha ya Waturuki barabara ya Steindamm, karibu na stesheni kuu, ndiyo nyama ya bei ya chini. Kwa hiyo nakula firigisi Jumatatu, nakula Jumatano, bila mke, bila mtoto, bila idhini ya ukoo. Baba, naomba radhi.

Sembe nyeupe nayo ipo mtaa huohuo, lakini imetoka mbali na inataka kurudishiwa nauli. Mimi nanunua unga wa mahindi ya njano ambao Waitaliano hupikia polenta. Ukiusonga kwa subira, unakaa. Mama, utaukumbuka: ndiyo ile yanga mliyopangia foleni miaka ya shida, mkaapa mtoto wenu hataionja. Ameionja. Siku hizi ina bandiko la Italia na watu wanaila kwa uma.

Jumapili karibu maduka yote yanafungwa kwa sheria, isipokuwa soko la samaki la Altona. Mwaka 1703 wavuvi waliruhusiwa kuuza Jumapili alfajiri ili samaki wasiwaharibikie, mradi wamalize kabla ya ibada, na mpaka leo saa tatu na nusu asubuhi soko linafungwa. Wajanja hawaendi mapema. Wanafika saa tatu. Muuza matunda anakuwa amesimama nyuma ya lori, sauti imemkauka, anajaza kikapu: ndizi, embe, zabibu. Saa tatu na robo kikapu ni yuro 15. Tunamtazama, hatusemi kitu. Saa tatu na dakika ishirini anatupia nanasi juu yake. Tunatazama. Saa tatu na dakika ishirini na tano anapiga kelele 10, anaongeza nanasi la pili huku anatutukana kwa mapenzi, na hapo mikono yote inanyooka. Mjomba, ungekuwepo ungelia: soko letu la samaki la Feri kabisa, ila hakuna anayekukanyaga.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwenye nyumba wangu ni bibi wa miaka themanini na kitu. Jengo lote la ghorofa nne ni lake. Anakaa ghorofa ya pili, kipasha joto chake hakijawahi kuvuka namba 2, na kila Ijumaa anakokota kifuko cha magurudumu kilichojaa chupa tupu kwenda dukani. Nchi hii tangu 2003 ukinunua kinywaji kwenye chupa ya plastiki ya kutumika mara moja au kopo, unaweka dhamana, sasa hivi senti 25 kwa kila moja. Chupa ya bia ya kioo ni senti 8. Hata kwetu Mangi wa dukani hakupi soda ya kioo bila chupa au dhamana. Tofauti ni kwamba hapa Mangi ni mashine.

Juzi nikamsaidia kukokota. Bibi anaingiza chupa moja moja, mashine inaizungusha, inasoma bandiko, inameza. Moja ilikuwa imebonyea, mashine ikaitema. Akaiingiza tena, ikatemwa tena. Bibi hakugombana na mtu. Akafungua kifuniko, akaweka chupa mdomoni, akapuliza kwa nguvu zake zote mpaka mashavu yakawa mekundu na chupa ikarudi umbo lake, akafunga, akaingiza. Ikamezwa. Chupa 11, risiti ya yuro 2.75. Akaikunja mara mbili, akaitia kwenye pochi kama hati ya kiwanja. Foleni nyuma yetu haikuguna wala kunong'ona. Mmoja alimpongeza kwa mapafu.

Sasa mfikirieni mama mwenye nyumba wa mtaani kwetu, mwenye wapangaji wake kumi na wawili, aonekane kituo cha daladala anapuliza chupa. Kabla hajafika nyumbani ingeshajulikana kwamba amefulia. Kufika jioni, watoto wake wamemtelekeza. Kesho yake mchana, kikundi cha kinamama kimeshaanza kumchangia.

Tofauti yetu iko hapo. Si kwamba hatujui kubana. Nani atamfundisha kubana mtu aliyelelewa kwa mafuta ya kupima, sukari robo, na mche wa sabuni uliokatwa vipande? Mama akikabidhiwa hazina ya jiji hili atarudisha chenji. Tunabana vizuri kuwashinda, ila tunabana kwa siri na kutumia hadharani. Hawa wanabana hadharani, wakitumia, hutajua. Kinachotumaliza sisi si bei ya vitu, ni bei ya kutazamwa.

Na kubana hadharani kwao kuna mizizi. Hapahapa Hamburg, mwaka 1778, ilianzishwa benki ya akiba kwa ajili ya watumishi wa majumbani, vibarua na mabaharia, watu wa kuweka kidogo kidogo. Idara ya usafi ya jiji ina duka lake, Stilbruch, inakouza makochi, baiskeli na masahani ambayo watu wameyaaga yakiwa mazima. Daktari na mfagiaji mnakutana kwenye rafu ya vikombe na mnasalimiana. Tena wenye nazo ndio vinara. Theo Albrecht, mmoja wa ndugu wawili walioukuza mtaji wa duka la mama yao kule Essen mpaka ukawa Aldi, alitekwa nyara mwaka 1971. Alishikiliwa siku 17, ikalipwa fidia ya mark milioni 7. Kwetu mtu akitoka salama kwenye balaa hilo anachinja mbuzi. Yeye alidai fidia ile ihesabiwe gharama ya biashara ili apunguziwe kodi.

Lakini msidhani nimeingia dini yao. Wana upande mwingine ambao siuleti Mbagala hata kama mizigo ingekuwa bure. Tulikwenda kula na wenzangu wa kazini. Mhudumu akaja na pochi lake nene, akauliza: pamoja, au kila mtu na chake? Kila mtu na chake. Ikaanza kusomwa: wewe supu, wewe bia mbili, wewe samaki. Aliyedokoa viazi vya jirani akajadiliwa, ingawa mwishowe alisamehewa. Kwetu hapo wangekuwa wamesimama wanaume watatu, wanagombea kulipa, wote hawana hela.

Nikaelewa kwa nini bajeti zao zinafunga sawasawa: hazina Shangazi. Mwenzangu alinionyesha daftari lake. Kuna safu ya bima, safu ya likizo, safu ya mbwa. Mbwa mmoja Hamburg anatozwa kodi yuro 90 kwa mwaka, na yumo daftarini kwa jina lake. Ndugu hayumo. Na kazini kwangu wapo wazee ambao akiba wanayo ya kutosha, mgeni wa Jumapili hawana. Hao ndio wananiuliza kila siku habari za Mbagala, mpaka wanajua Mjomba ana goti bovu.

Kwa hiyo nimetengeneza bajeti ya chotara. Mstari wa kwanza, chumba. Mstari wa pili, Nyumbani. Mstari wa tatu, chakula. Angalieni mpangilio vizuri: Nyumbani iko juu ya tumbo langu, isije ikasemwa tena. Fungu hilo litamfikia Mama tarehe 2 ya kila mwezi kwenye simu yake, na Mama ndiye mhazini. Masharti ni haya.

Moja: harusi si dharura. Harusi ina kamati, kamati ina mwenyekiti, na mwenyekiti anakunywa soda za vikao tangu Machi. Jambo lenye mwenyekiti haliwezi kuwa la ghafla. Mchango wa binamu nitalipa kwa awamu tatu, na kadi niandikiwe singo. Dabo sina wa kuja naye.

Mbili: ada ya Januari si dharura. Januari huja kila mwaka, tena mwezi uleule. Wadogo zangu, kila mmoja aanze sasa kumpelekea Mama orodha ya madaftari na sare, na viatu vya mwaka jana vipimwe mguuni mbele ya mashahidi.

Tatu: simu. Mjomba, ile simu iliyotumika ndiyo ninayotumia na mimi, tumepata pacha. Yenye kamera tatu tutaijadili siku utakapokuwa na vitu vitatu vya kupiga picha.

Nne: ugonjwa na msiba haviombi ruhusa ya daftari. Nipigieni saa yoyote, hata usiku wa manane. Bahasha ya kazi hiyo iko pembeni, imejaa firigisi na yanga kwa thamani ya fedha, na hiyo siigusi hata maduka yote ya mji yakishusha bei siku moja.

Tano, na hili nawaomba: kikao kijacho, mtu akitaka kubana, abane mbele za watu. Shangazi, wewe una heshima mtaani, uanze. Ukifika kwenye sherehe na kitenge cha mwaka jana, wengine wote watashusha pumzi.

Wasalimieni majirani. Nawapenda wote, kwa bei ya jumla na ya rejareja.

Mtoto wenu,
Hamburg

N.B. Barua hii nimeituma kwa WhatsApp. Stempu ya kwenda nje ni yuro 1.25, na jirani yangu ana intaneti isiyo na nywila.