Sifa za Mfuko Mwepesi

Mfuko mnono una wasemaji wengi. Mashirika ya ndege yanautangaza, hoteli zinauwekea taulo zilizokunjwa umbo la bata kitandani, na benki zinauimbia usiku na mchana. Mfuko mwepesi hauna hata mtu mmoja wa kuusemea. Ni haki basi gazeti moja liutolee heshima zake, maana umewatembeza wanadamu duniani karne kwa karne na haujawahi kudai ada ya uwakala.

Fadhila yake ya kwanza ni kumwondolea msafiri mzigo wa kuchagua. Mwenye dola 200 za kutumia kwa siku akishuka Istanbul ana kazi kubwa: hoteli ipi, mgahawa upi, ziara ipi ya boti yenye chakula cha jioni. Mwenye dola 15 amekwisha kuamuliwa yote. Atalala kwenye kitanda cha bei ya chini kuliko vyote, atakula simit, ule mkate wa mviringo wenye ufuta unaouzwa kwenye mikokoteni, na Bosporus ataivuka kwa kivuko cha watu wanaokwenda kazini. Akipanda mlima kwa miguu huku jasho linamtoka, ataambiwa na kila kitabu cha safari kwamba hiyo ndiyo njia bora ya kuujua mji. Mfuko wake ulilijua hilo kabla ya vitabu.

Kama mfuko mwepesi ungekuwa na walii wake, basi ni Thomas Coryat, Mwingereza wa kijiji cha Odcombe. Mwaka 1608 alikwenda Venice na kurudi, sehemu kubwa ya njia kwa miguu, na viatu alivyorudi navyo vikatundikwa kanisani kijijini kwao. Mwaka 1612 akaondoka tena, safari hii akaelekea mashariki: Constantinople, Jerusalem, Aleppo. Kutoka Aleppo akapiga mguu hadi Ajmer, India, akafika mwaka 1615. Katika barua aliyowaandikia watu wa kwao alijigamba kwamba miezi kumi ya mwendo huo ilimgharimu pauni tatu tu, na hata katika hizo tatu, shilingi kumi alitapeliwa njiani. Kuna siku alizoishi kwa peni moja na kushiba. Msomaji aangalie jinsi bwana huyu alivyoziandikia hesabu hata pesa alizoibiwa. Mfuko mnono haumfundishi mtu uhasibu wa namna hiyo.

Ajmer hakukaa bure. Alijifunza Kiajemi, akaenda kusimama chini ya dirisha ambamo mfalme Jahangir alizoea kujitokeza kwa raia, akamhutubia kwa lugha hiyo. Mfalme akamshushia rupia mia moja ndani ya kitambaa. Balozi wa Uingereza, Sir Thomas Roe, alipopata habari alitahayari: Mwingereza anawezaje kuombaomba mbele ya watu? Coryat akamjibu kwa ukali mpaka balozi akaona afadhali anyamaze. Mwishoni mwa mwaka 1617 alifika bandari ya Surat akiwa anaharisha. Waingereza wenzake wafanyabiashara wakamkaribisha mvinyo, akanywa kwa furaha yote ya mtu asiyelipia, na mvinyo ukammaliza. Miaka mitano ya maji ya visima na mikate ya njiani haikumuua. Kilichomuua ni takrima.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina bingwa wake, na kwa heshima ya ufukara wake hata jina lake halikuandikwa. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, anasimulia habari za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mtu aliyesifika kwa kutoa. Ijumaa moja sultani anatoka msikitini kurudi nyumbani, mara anazuiwa njiani na fakiri kutoka Yemen. Fakiri haombi chakula wala mahali pa kulala. Anaomba nguo alizovaa sultani. Sultani anakubali. Fakiri anasisitiza: sasa hivi. Basi sultani anarudi msikitini, anaingia nyumba ya khatibu, anabadilisha, anamwita mgeni azichukue. Yule anazifunga kwenye kitambaa, anajitwika kichwani, huyo anakwenda zake. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, lakini wahenga hawakuwa wamekutana na fakiri huyu.

Mambo hayakuishia hapo. Mwana wa sultani alizikomboa zile nguo kwa kumpa fakiri watumwa kumi. Baba, aliposikia jinsi watu wanavyomsifu, akaamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Mtu aliyeingia Kilwa bila senti akatoka na msafara.

Watu ishirini waliotolewa kama chenji ya kanzu hawakuulizwa maoni yao. Kila safari ya bei ya bure huwa na mtu aliyeilipia, na mara nyingi si yule anayeandikwa kwenye hadithi.

Karne ya 20 ilipofika, mfuko mwepesi ulipata bahati ya kuchapishwa. Mwaka 1957 Mmarekani Arthur Frommer alitoa kitabu cha kuwafundisha wenzake kuizunguka Ulaya kwa dola 5 kwa siku. Kiliuzwa kama njugu. Ubaya ni kwamba namba ilikuwa kwenye jalada, na bei za Ulaya hazikulisoma jalada. Ikabidi toleo baada ya toleo tarakimu ipandishwe, mpaka dola 5 zikawa 70 na bado zikaendelea kupanda, huku vikiendelea kuitwa vitabu vya watu wasio na pesa. Tony na Maureen Wheeler walikuwa waangalifu zaidi. Mwaka 1972 walitoka London kwa gari kuukuu walilolinunua kwa pauni 65, wakaliuza Kabul, wakaendelea na mabasi, garimoshi na lifti hadi Australia. Waliingia Sydney wakiwa na senti 27. Mwaka uliofuata wakaandika kitabu kuhusu safari hiyo, na kutokana nacho ikazaliwa kampuni ya Lonely Planet, ambayo sehemu yake kubwa waliiuza kwa BBC mwaka 2007. Haijulikani kwingine ambako senti 27 zimezaa kiasi hicho.

Lakini hata senti 27 ni anasa mbele ya Satish Kumar na E. P. Menon. Vijana hao wa India walianza mwaka 1962 kutembea kwa miguu kutoka New Delhi kwenda miji mikuu ya nchi zenye silaha za nyuklia: Moscow, Paris, London, Washington. Mwalimu wao, Vinoba Bhave, aliwapa usia kwamba wasichukue pesa hata kidogo, na wasile nyama. Waliutii. Sharti la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza katika nchi ambazo mwenyeji hajui kumheshimu mgeni bila kumchinjia. Atlantiki hawakuweza kuitembea, wakaivuka kwa Queen Mary, meli ya kifahari, kwa tiketi walizopatiwa kwa msaada wa mwanafalsafa Bertrand Russell na rafiki zake. Mwenye mfuko mwepesi kidogo hupanda basi. Asiye na mfuko kabisa ndiye aliyepanda Queen Mary.

Tuje kwenye malazi, maana hapo ndipo sifa zinapohitaji moyo. Mwalimu wa Kijerumani Richard Schirrmann alifungua hosteli ya vijana katika ngome ya Altena mwaka 1912, na tangu hapo dunia imejaa vyumba vya vitanda vya dabo deka. Katika chumba kimoja wanalala watu wanane wa mataifa manane, na wote wanakoroma lugha moja. Saa tisa usiku aliye kitanda cha juu anaamka kuwahi ndege. Haamshi mtu, yeye ni muungwana, kwa hiyo anafungua zipu ya begi polepole, jino kwa jino, kwa muda wa nusu saa, ili kila mmoja apate nafasi ya kuisikiliza. Soksi zinakaukia kwenye ngazi ya kitanda. Jikoni kuna rafu ya vitu vilivyoachwa na walioondoka: nusu pakiti ya tambi, chumvi ya mtu, chupa ya mafuta iliyobaki kidole kimoja. Aliyelala mzungu wa nne na binamu zake wanne kwenye sherehe ya ndoa atashangaa kwamba wengine wanalipia jambo hili kwa fedha za kigeni. Atashangaa zaidi akikuta hosteli inayompa kitanda bure kwa sharti la kusafisha vyoo, wakati kwao waliishasema zamani kwamba mgeni wa siku ya tatu apewe jembe.

Kwa chakula, mfuko mwepesi unajua njia ambazo mfuko mnono hautaziona kamwe. Roma ina mabomba ya mitaani yapatayo 2,500 yanayotoa maji baridi ya kunywa bila malipo, huku watalii wakinunua ya chupa hatua tano kutoka hapo. Amritsar, India, Hekalu la Dhahabu la Masingasinga linalisha watu maelfu kwa maelfu kila siku. Mgeni anavua viatu, anafunika kichwa, anapewa sahani ya chuma yenye vigawanyiko, anaketi chini kwenye mkeka mrefu bega kwa bega na mtu asiyemjua. Anapita wa dengu na ndoo na upawa. Anapita wa chapati, na chapati inapokelewa kwa mikono miwili. Hakuna anayeuliza dini, pasipoti wala bajeti ya siku. Nyuma ya ukuta inasikika kelele ya sahani zinazooshwa na watu wa kujitolea, na mwenye haya anaweza kwenda kuchukua sehemu yake ya masufuria. Wasafiri wa barabara ya Nairobi hadi Mombasa hawahitaji kwenda India kuyaona haya. Pale Makindu lipo hekalu lililojengwa mwaka 1926 kwenye njia ya reli, na hadi leo dereva wa lori na familia ya gari dogo wanakaa pamoja kunywa chai ya maziwa na kula dengu bila kulipa.

Hapa mwenye kusifu analazimika kukohoa kidogo. Mfuko mwepesi, pamoja na utukufu wake wote, una ubaguzi.

Mzungu kijana anaweza kuamka asubuhi, akaamua kuwa fukara, na jioni akawa fukara Bangkok au Zanzibar. Mtanzania au Mkenya anayetaka kuwa fukara Paris ana masharti. Ada ya viza ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi akikataliwa. Bima ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000. Uthibitisho wa mahali pa kulala. Na zaidi ya yote taarifa ya benki, kwa kawaida ya miezi mitatu, ya kuonyesha kwamba mhusika ana pesa za kutosha. Kwa maneno mengine, ili aruhusiwe kwenda kula mkate mkavu kando ya mto Seine, ni lazima kwanza athibitishe kwamba hana shida ya mkate. Ndipo akaunti inaponenepa ghafla: shemeji anaweka kidogo, mjomba anaongeza, pesa zinalala humo kwa heshima zote, na maofisa wa ubalozi, ambao si watoto, wanauliza kwa nini mshahara wa mtu huyu umepata mimba.

Afadhali nchi ya nje iliyo karibu. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanatembeleana kwa kitambulisho cha taifa tu, bila pasipoti wala viza. Anayetoka Nairobi hupanda basi la usiku, akapata nauli na malazi kwa bei moja, akaamka Kampala shingo imepinda. Hapo ananunua rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, kutoka kwa kijana mwenye jiko la mkaa kando ya barabara, na akiomba kwa adabu anaongezewa nyanya. Kisha anaendelea kusini hadi Gatuna, mpakani mwa Rwanda, akiwa ameshika mali zake zote ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki aliougombania sokoni. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na maofisa wake hawafanyi mzaha. Mfuko unachukuliwa. Msafiri anabaki na nguo mikononi, mswaki mfukoni na kandambili kwapani, akitafuta begi la kitambaa la kununua, matumizi ambayo hayakuwemo kabisa kwenye bajeti ya siku hiyo, tena muuzaji wa pale mpakani anajua vizuri kwamba mteja wake hana pengine pa kwenda.