Disketi ya Baba Mkubwa

Ubishi ulianzia kwenye wali. Kikao cha kamati ya harusi ya mdogo wangu kilikuwa kimekwisha, sahani zinazunguka, Mjomba akatangaza kwamba yeye hana tabia ya kuahidi bila kutoa. Harusi ya Shangazi, mwaka 1996, alitoa elfu hamsini taslimu. Bibi akaguna tu. Baba Mkubwa, karani mstaafu aliyekuwa katibu wa kamati ile, hakubishana naye. Aliingia chumbani, akatoka na disketi iliyofungwa kwenye mfuko wa maziwa.

"Ushahidi huu hapa. Mtu wa kompyuta yuko wapi?"

Mtu wa kompyuta ni mimi. Kwenye ukoo wetu cheo hicho kinajumuisha pia redio na pasi.

Disketi yenyewe inabeba megabaiti 1.44, picha ya pilau niliyopiga jioni ile kwa simu isingeenea humo. Nilihangaika siku tatu kutafuta kifaa cha kuisomea, nikakipata kwa fundi mmoja aliyekuwa anakitumia kuzuia mlango. Ndani mlikuwa na faili moja, MICHANGO.DOC, la Word 6. Programu ya kwenye laptopu yangu ililitazama kama mlinzi wa geti anavyomtazama mgeni asiye na kitambulisho, ikakataa.

Ndipo nikakumbuka antiword, kazi ya Adri van Os. Haina dirisha wala vitufe. Unafungua skrini nyeusi, unaandika antiword, unaacha nafasi, unataja jina la faili, unabonyeza Enter. Inasoma hati za Word za toleo la 2 mpaka la 2003 na kukumwagia maandishi matupu.

Jumapili nikaunganisha laptopu na televisheni ya sebuleni, nikaanza kusoma kwa sauti, maana Bibi macho yamechoka. Picha antiword haionyeshi. Palipo na picha inaandika [pic]. Pete mbili ambazo Baba Mkubwa alizipamba juu ya ukurasa zikatoka hivyo, nami nikazisoma hivyohivyo.

"Huyo Piki," Bibi akauliza, "ni wa upande gani?"

Likafuata jedwali, limechorwa kwa vijiti vya wima, safi kabisa. Mjomba: ahadi 50,000, taslimu 0. Sebule nzima ikalipuka kwa vigelegele. Mjomba akasema kompyuta zina virusi.

Hapo ningefunga laptopu. Lakini nani anaacha kushangiliwa? Nikataka kuwaonyesha ufundi zaidi. Word ya siku zile ilikuwa na mtindo wa kuhifadhi haraka: badala ya kuliandika faili upya, ilibandika mabadiliko mwishoni, na sentensi uliyoifuta ikaweza kubaki humohumo. Antiword ni mstaarabu, inakuonyesha kile mwandishi alichokusudia kisomwe. Kuna amri nyingine, strings, hiyo haina adabu. Inakwangua kila herufi inayosomeka.

Nikaiendesha. Zikapita takataka za alama, kisha sentensi, nami mdomo ukaisoma kabla akili haijafika: "Mdogo wangu ametoa 5,000 kati ya 20,000. Nimemwandikia amemaliza. Mama asijue."

Mdogo wa kiume wa Baba Mkubwa ni mmoja tu, naye ni baba yangu. Mama anayetajwa alikuwa amekaa kwenye kochi, fimbo mkononi.

Feni ikasikika. Baba akawa anachunguza dari. Baba Mkubwa akaitazama disketi yake kama mtu aliyeumwa na mbwa aliyemfuga mwenyewe. Mjomba ndiye pekee aliyekuwa na hamu ya kula; aliomba aongezewe wali.

"Rudisha hapo juu," Bibi akasema. "Soma tena, polepole. Halafu uniambie, elfu kumi na tano ya mwaka ule leo ni shilingi ngapi."

Kikao kijacho ni Jumapili. Baba amekubaliwa kulipa kwa awamu mbili. Mimi nimeombwa nisikose, ila laptopu ibaki nyumbani.