Sifa za Mzee Kaloli

Ziko nchi ambako watu hutundika kichanja cha mbegu uani, kisha huketi dirishani na kikombe cha chai wakimngoja ndege mzuri atue. Akitua mlafi asiyealikwa, nyumba nzima hununa. Kampala hatuna adha hiyo. Hatutundiki kichanja kwa kuwa mji wenyewe ni kichanja. Tunamwaga maganda ya matoke Kalerwe, mifupa ya kuku Wandegeya usiku wa manane, matumbo karibu na machinjio ya Old Portbell Road, na mgeni wetu hajawahi kuchelewa wala kuchagua sahani. Basi leo nasimama kumsifu kaloli, ambaye vitabuni huitwa marabu, na ambaye tangu nizaliwe sijasikia akisifiwa hadharani.

Nianze na umbo, maana ndilo analosutwa nalo. Mzee huyu husimama kufikia mita moja na nusu, na akikunjua mabawa yanapita mita mbili na nusu. Akitua kwenye mabati, aliyelala ndani hupiga ishara ya msalaba au husoma Ayatul Kursi, kila mtu na dini yake. Wanamcheka upara. Lakini anayeingiza kichwa ndani ya mzoga kila asubuhi nywele atazifanyia nini? Wanasema kile kifuko kinachoning'inia shingoni ni ghala la chakula. Uzushi. Ndani mna hewa tupu, na si yeye peke yake mjini anayetembea na hewa mbele yake akaheshimiwa. Miguu yake kwa asili ni myeusi. Jua likiwaka hujinyia mwenyewe miguuni ili apoe, kinyesi kikakauka, naye akatembea na soksi nyeupe. Umeme ukikatika, wewe na feni yako mnatazamana. Yeye hajawahi kusubiri umeme.

Tena ana adabu ya ukimya. Jina marabu limetoka kwenye Kiarabu, murabit, mcha Mungu aliyejitenga na dunia, na anayemwona juu ya nguzo ya taa, kichwa kimezama mabegani, hatabisha. Sauti ya kuimba hana. Akizidiwa sana hugonganisha mdomo. Katika mji ambao kila boda ina honi na kila mhubiri ana spika, huyu ndiye jirani pekee asiyenipigia kelele saa kumi na moja alfajiri.

Na ni mwenyeji. Kunguru wa pwani waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, eti wasafishe taka. Wakala taka, wakala mayai na vifaranga vya ndege wengine, wakavuka hadi bara, na mwaka 2024 serikali ya Kenya ikatangaza kwamba itawaangamiza milioni moja. Kaloli hakuletwa na meli wala gavana. Aliona tunavyoishi, akahamia mwenyewe.

Kazi yake imeandikwa kitaaluma. Mwaka 1975 Derek Pomeroy wa Makerere alichapisha utafiti kuhusu ndege wanaokula taka Uganda, na kaloli hakukosekana humo. Tangu hapo mameya wamekuja wakaenda, malori ya taka yamenunuliwa yakachakaa, naye yupo zamu, hana sare, hana posho, hajagoma hata siku moja. Pale Kiteezi, jaa lililofunguliwa mwaka 1996, alifanya kazi bega kwa bega na kina mama waokota plastiki. Agosti 10, 2024 mlima ule wa taka uliporomoka ukaua watu zaidi ya 30. Hapo siwezi kutania. Nasema hili tu: kaloli hakuurundika. Katika waliohusika na mlima ule, yeye na kina mama wale ndio waliokuwa wakiupunguza.

Nakiri tumewahi kukosana. Jozi moja ilijenga kiota juu ya mti mkubwa nyuma ya nyumba ninayopanga, na siku ya kwanjula ya binti wa jirani, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba, gomesi ya mama yake, vazi lake la sherehe, ilikuwa kambani. Kilichoshuka sitakieleza. Kanzu yangu ilikuwa pembeni yake ikanusurika, au labda haikunusurika, ila rangi zililingana. Nilipiga simu ofisi moja kuomba msaada, nikaulizwa kama nina ngazi.

Mama yule alilia hadi kope zikavimba. Sikuthubutu kumwambia kwamba zamani mabibi wa Ulaya walilipa pesa nyingi kuvaa manyoya laini ya chini ya mkia wa ndege huyuhuyu.

Sasa nije kwenye dhuluma kubwa. Bendera yetu tangu 1962 ina korongo mwenye taji, na timu ya taifa ya mpira imeitwa kwa jina lake. Ni mzuri, sikatai. Lakini tangu 2012 yumo katika orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka, kwa sababu anataka kinamasi kisichoguswa, nasi vinamasi tunavijaza udongo tukajenga. Yule tuliyemchora tunammaliza. Huyu tunayemtukana tunamlisha. Kaloli hatudai kinamasi. Anataka tuendelee tu kuwa hivi tulivyo, na hadi sasa hatujamwangusha.

Hata Kiswahili chetu, ambacho Kampala kilinuniwa miaka na miaka, mwaka 2005 kiliandikwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili. Basi Mzee Kaloli naye aombewe angalau stempu ya posta.

Wewe msomaji, kiangazi kikianza watajenga tena viota vyao Bat Valley, hapa hapa mjini. Usiegeshe gari chini ya miti ile, na ukitaka kuwatazama, funga mdomo kwanza.