Mayai ya Shangazi

Mtetea hahitaji jogoo ili atage. Anahitaji jogoo mtu anayetaka vifaranga, na sisi wa Tabata tulikuwa tunataka mayai ya chai ya asubuhi tu. Kwa hiyo majirani walipochoka kuamshwa saa tisa usiku, jogoo aliingia sufuriani bila kikao. Mtetea akaendelea kutaga, sisi tukaendelea kula, mpaka siku alipoamua kuatamia. Alilalia kandambili moja ya mguu wa kushoto. Ukimsogelea anavimba na kutoa sauti kama bati linaloburuzwa kwenye sakafu.

Nikampigia shangazi yangu, Singida, ambako kuku wa kienyeji ni jambo la heshima. Akatuma mayai 12 kwa basi, yamefukiwa kwenye pumba ndani ya ndoo ndogo. Kila yai lilikuwa na msalaba wa mkaa, ili mtetea akitaga lake katikati tulijue na kulitoa. Maagizo yakafuata kwa simu: yana mbegu hayo, msiyatikise, yapumzike mpaka kesho jioni, ncha nyembamba iangalie chini, mtayaweka giza likiingia.

Kesho yake jioni niliyahesabu. Yametimia 12. Ila matano yalikuwa makubwa, ya kahawia, na misalaba yake ilichorwa kwa kalamu ya bluu, imenyooka kwa rula.

Nikanyamaza. Nilitaka kuona mwisho wake.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, hufika usiku wa manane akitoka zamu. Jikoni palikuwa na viazi vilivyobaki, na anayejua chipsi mayai hahitaji kusimuliwa zaidi. Siku ya tatu mezani akauliza, macho yako kwenye sahani:

"Shem, eti yai la mbegu linahitaji joto kiasi gani ili litotoe?"

"Nyuzi 37 na nusu hivi."

"Na tumbo la binadamu?"

"Thelathini na saba."

Akaweka kijiko chini.

Nilimwonea huruma kidogo. Nikamweleza kwamba mbegu ndani ya yai bichi ni kidoa cheupe juu ya kiini, chenye kijiduara, na walaji wengi hawajawahi hata kukiona. Lisipopata joto la kuatamiwa, hakuna kifaranga. Likikaangwa, habari yake imekwisha. Ladha ni ileile. Hata tulipomchinja jogoo wetu, mayai yaliyofuata yangeweza kuwa na mbegu kwa wiki mbili au zaidi, maana kuku huihifadhi mwilini, na yeye aliyala yote akiomba chumvi.

"Sawa," akasema. "Na kama mtu kalikaanga halikuiva vizuri katikati?"

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

Wiki ilipopita, nikayamulika usiku kwa tochi ya simu, kupitia tundu la boksi la viatu. Ya Shangazi yalionyesha mishipa myekundu imetawanyika kutoka kwenye doa jeusi. Yale ya kahawia yaling'aa matupu, kivuli cha kiini tu, maana yametagwa na kuku wa bandani ambao jogoo hawajawahi hata kumsikia. Ilibidi niyatoe kabla hayajawa viza na kupasukia kiotani. Mtetea hakutambua tofauti ya kienyeji na dukani. Alinidonoa kifundo cha mkono kwa yote matano.

Siku ya 21 wakatoka sita. Shangazi akapiga, na kwa bahati mbaya simu aliipokea shemeji.

"Wote 12, Shangazi!" akasema. "Hakuna hata viza moja!"

Jioni hiyohiyo akaenda sokoni, akarudi na vifaranga sita wa siku moja wa bei chee, majogoo wa kuku wa mayai ambao wafugaji hawawataki. Tuliwapenyeza gizani chini ya mbawa. Kulipokucha mtetea aliwaita wote wake. Shangazi akaomba picha. Shemeji akaipiga kwa mbali, dhidi ya jua, lakini macho ya Singida hayachezewi.

"Wangu nawaona, wa madoa. Hawa sita weupe wamemfuata nani? Jogoo wangu mwekundu."

"Jua la Dar, Shangazi," akajibu shemeji. "Wamepauka."