Yatima Mwenye Cheo cha Sir

Waulize mashabiki wa roki ni mpiga drams gani asiyethaminiwa. Hutachelewa kulisikia jina la Ringo Starr, tena kwa sauti ya mtu anayedai haki ya yatima. Maskini yatima! Aliingia kwenye jumba la heshima la roki kule Marekani na wenzake wa bendi ya Beatles mwaka 1988, akaingizwa tena peke yake 2015, na 2018 Uingereza ikampa cheo cha Sir. Kama huko ndiko kusahauliwa, jamani, na sisi tusahauliwe.

Ufundi anao, sikatai. Ni mtu wa mkono wa kushoto anayepiga drams zilizopangwa kwa wa kulia, ndiyo maana akizungusha fimbo mapigo yake hutokea usikotarajia. Msikilize kwenye wimbo wao "Rain" wa 1966. Ila shabiki hana haja usikilize. Anataka ujue kwamba yeye ndiye aliyegundua, peke yake, yeye na mamilioni wenzake. Mwambie "hata mimi nampenda" uone uso unavyomshuka. Papo hapo atahamia kwa mpiga drams mwingine. Huyo, tafadhali, hata kama unamjua, kaa kimya.