Namna ya Kula Kiazi cha Japani Ukiwa Ifakara

Ndugu yako akirudi kutoka kozi Japani na kukukabidhi boksi jembamba lililofungwa vizuri kama zawadi ya bibi harusi, usiliweke kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Hicho ni chakula, na kina siku zake. Kimevuka bahari, kimeshuka Dar es Salaam, kimepita Mikumi na Kidatu. Kikifika kwetu, bonde la Kilombero, kinastahili kuliwa, si kutazamwa.

Ndani utakuta keki ndogo za kiazi kitamu, kila moja kwenye mfuko wake. Wajapani hufungasha hivyo makusudi. Anayetoka safari anatarajiwa kuwapelekea wenzake kazini kitu cha kuonja kutoka huko alikokwenda, na kila mtu apate chake bila kutafuta kisu wala sahani. Basi hesabu watu kabla ya kufungua. Keki zikiwa nane na watu kumi na mmoja, watoto wapewe nzima, wakubwa wagawane. Kuzificha chumbani ukazila usiku peke yako ni kosa, na mtoto mmoja lazima atakuona.

Kisha soma tarehe, na uisome Kijapani: mwaka kwanza, halafu mwezi, siku mwisho. Ukikuta 26.03.04, usipige kelele kwamba umeletewa kitu cha tarehe 26 Machi 2004. Ni tarehe 4 Machi 2026. Hapa ugomvi mwingi wa kifamilia unaweza kuepukwa. Ukikuta pia kipakiti kidogo kigumu pembeni ya keki, usikimwage juu yake kama chumvi. Ni cha kuzuia keki isiharibike, hakiliwi. Kitupe kabla mdogo wa nyumba hajakiweka mdomoni.

Majirani Waislamu usiwagawie kwa haraka. Baadhi ya keki hizi hutiwa ramu kidogo. Mwombe aliyezileta apige picha maandishi ya boksi kwa simu na kuyatafsiri, ndipo uzunguke na sahani. Kumheshimu jirani ni sehemu ya zawadi.

Sasa kuonja. Chagua asubuhi, kabla ya saa nne, kwa sababu joto la Ifakara halina huruma na siagi. Chai iwe ya rangi, bila sukari. Sukari imo ndani ya keki tayari. Itazame kwanza: juu inang'aa rangi ya kahawia, ni kiini cha yai kilichopakwa kabla ya kuingia kwenye oveni. Kata kipande kidogo kwa meno ya mbele. Ganda hilo jembamba linapasuka, kisha unafikia kiazi chenyewe, laini, kilichopondwa na siagi, maziwa na sukari hadi nyuzi zote zikaisha. Usimeze upesi. Subiri hadi siagi ipite, ndipo utamu wa kiazi ujitokeze nyuma yake, ule ule wa kiazi kilichofukiwa kwenye majivu ya moto. Mtu atakayesema "kumbe ni kiazi tu" asipewe cha pili mpaka afikirie vizuri.

Maana kiazi hiki kina historia. Kiliingia visiwa vya Okinawa kutoka China mwaka 1605, na baada ya njaa ya 1732 watawala wa Japani wakakihimiza kilimwe hata maeneo ya Tokyo ya leo. Okinawa wana aina ya zambarau wanayoitengenezea keki maarufu za wageni. Mgeni haruhusiwi kuondoka na kiazi kibichi kwenda sehemu nyingine za Japani, kwa sababu ya fukusi anayetoboa viazi. Keki inapita, kwa kuwa imepikwa. Mkulima wetu anamfahamu fukusi vizuri: amekwishakata kiazi kizuri kwa nje, akakuta vishimo vyeusi na uchungu usiolika. Wenzetu wa Okinawa walipobanwa na mdudu wa jamii hiyo hiyo, walikuwa na keki ya kumuuzia mgeni.

Na sisi? Anayetoka Ifakara hubeba mchele wa supa, na anafanya vyema. Jina la Kilombero linajulikana Dar es Salaam bila tangazo. Lakini mchele unataka sufuria, maji na subira. Haufunguliwi juu ya meza ya ofisi. Viazi tunavyo. Gairo, mkoani kwetu Morogoro, vinapangwa kando ya barabara kuu. Wasukuma waliohamia bondeni wametoka kwenye michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa juani. Viazi lishe, vya rangi ya chungwa na vyenye vitamini A, vinalimwa Tanzania. Mganda Robert Mwanga alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya kuviendeleza.

Oveni isiwe kisingizio. Mama anayeoka keki ya ubatizo kwa mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko anaweza kuoka na hii. Chemsha viazi kwa maji machache, vimenye, viponde vikiwa moto, tia siagi, maziwa na sukari kidogo, finyanga vidonge vya kutosha kiganja, paka kiini cha yai, oka hadi juu pawe kahawia. Viache vipoe kabisa kabla ya kufunga, la sivyo vitatoa jasho na kuota ukungu.

Mwokaji wa Ifakara unayesoma haya, anza na boksi la keki sita. Andika juu yake jina la Ifakara kwa herufi kubwa, na tarehe ya mwisho wa kula kwa mtindo tuliouzoea. Wateja wako wapo: abiria wa TAZARA stesheni, wasafiri wa stendi, wageni wanaoshuka kutoka milima ya Udzungwa. Kila siku kuna wanaoondoka, na wengi wangependa kuwapelekea wenzao kitu cha kuonja.