Mhandisi, Bana Mkojo Kwanza: Mwongozo wa Kuboresha Maegesho ya Naabi

Umepewa kazi ya kuboresha maegesho na mapokezi ya wageni kwenye lango la Naabi, Serengeti. Hongera. Sasa weka penseli chini. Mchoro mzuri wa lango hauanzii mezani, unaanzia mwilini. Fuata hatua hizi sita kama zilivyo, wala usiruke hata moja.

Hatua ya 1: Bana mkojo

Kunywa lita moja ya maji Karatu, panda gari, pita lango la Loduare, zunguka ukingo wa kreta ya Ngorongoro, teremka hadi tambarare, usishuke popote. Barabara ile hutikisa mpaka meno. Ukifika Naabi hutauliza tena vyoo viwe vingapi, utakuwa unajua. Utajua pia kwamba vinatakiwa vionekane mtu akiwa bado garini, na kwamba vya wanawake vizidi vya wanaume, maana foleni yao ndiyo huwa ndefu. Choo bila maji ni kibanda tu. Kila paa utakaloezeka, hata la maegesho, livune mvua.

Hatua ya 2: Panga foleni bila kofia

Nenda Februari, nyumbu wanapozaa kwenye nyanda za kusini na magari yanapomiminika. Naabi hubeba mizigo miwili: anayeingia Serengeti na anayerudi Ngorongoro wote hukaguliwa hapo. Kibali cha kuingia hifadhini ni cha saa 24, kwa hiyo dereva anayetoka hutazama saa kama mtu aliyeacha mboga jikoni. Mpe dirisha lake na njia yake. Ukimchelewesha langoni atalipiza barabarani, na ile 50 ya kikomo cha mwendo itabaki rangi kwenye kibao. Wahenga walimpa mgeni jembe siku ya tatu. Foleni ya juani humpa kabla hajasalimiwa. Basi weka kivuli pale watu wanaposimama. Gari halipati kizunguzungu.

Hatua ya 3: Piga rivasi katikati ya watu

Azima gari refu la watalii, kioo cha nyuma kikiwa na vumbi la safari nzima, urudi nyuma nalo taratibu. Jasho litakalokutoka ndilo somo lenyewe. Kwenye lango moja nililopitia, nilimwona mwalimu ametandaza mikono kama kuku mwenye vifaranga, akihesabu wanafunzi huku magari mawili yakirudi nyuma kutoka pande mbili. Alihesabu mara tatu.

Kwa hiyo chora mistari ya mshazari na njia ya kwenda upande mmoja. Gari liingie kwa mbele na litoke kwa mbele. Mabasi ya shule, na yale ya abiria wa Arusha–Musoma, yapate uwanja wao, mlango ukifungukia njia ya miguu. Na kila injini izimwe: aliyekuja kusikiliza pori asipokelewe na mngurumo wa dizeli.

Hatua ya 4: Salimia matairi kwa magoti

Piga magoti, chokonoa matope. Humo husafiri mbegu za gugu karoti, mmea vamizi ulioripotiwa Arusha tangu 2010. Husafiri pia kwenye moramu, kwa hiyo usimwage moramu ambayo hujui ilichimbwa wapi. Jenga sehemu ya kuoshea matairi kabla ya maegesho, maji machafu yaishie kwenye shimo moja, na kila kinachochipua hapo king'olewe kabla ya kutoa maua. Gugu hilo likishika tambarare, majani ya nyumbu yatakosa pa kuota.

Hatua ya 5: Kula mkate hadharani

Kabla hujamaliza kufungua boksi la chakula, kwenzi watakuwa wamefika: migongo ya buluu inayometa, matumbo ya rangi ya kutu, macho meupe yasiyokuonea haya. Mmoja atatua ukingoni mwa meza na kukutazama mdomoni. Usimpe kitu. Kiumbe aliyezoea meza husahau kujitafutia. Agiza mapipa yenye vifuniko vizito, na meza ziwe rahisi kufutwa makombo.

Hatua ya 6: Panda kilima

Nyuma ya lango kuna njia ya miguu inayopanda kwenye mawe. Mjusi dume, kichwa rangi ya waridi na mwili wa buluu, atakupisha akipenda. Ukifika juu utaelewa kwa nini neno la Kimaasai lililozaa jina Serengeti husimulia uwanda usiokwisha. Sasa tazama chini, ulipange jengo lako kwa macho. Bati linalong'aa, nguzo ndefu ya taa, bango la kukaribisha lenye ukubwa wa nyumba: chochote kitakachoonekana kabla ya nyasi, kifute. Migunga iliyopo ibaki, magari ndiyo yaizunguke.

Haya, chukua penseli. Usianze kwa kuuliza magari mangapi yataenea. Shika saa. Mlango wa basi la shule ukifunguka, bonyeza. Mtoto wa mwisho akifika juu ya kilima, akaona uwanda na kunyamaza, bonyeza tena. Dakika zilizopita katikati ndizo unazolipwa kuzipunguza.